Rutuba Iliyopotea Njia

Hotuba kwa wajumbe wa kamati za Haki na Amani za parokia, Singida



Tumeombwa kuzungumza nanyi juu ya maji. Bila shaka wengi wenu mmekuja mkitazamia kusikia habari za uhaba, kwa kuwa huo ndio wimbo wetu wa kila mwaka katika mkoa huu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwa kawaida ni milimita 500 hadi 800 tu kwa mwaka. Hayo kila mama anayeamka alfajiri akiwa na ndoo kichwani anayajua kuliko sisi. Leo tunataka kulitazama jambo jingine, nalo ni kwamba hayo maji machache tuliyo nayo yanaharibiwa, tena yanaharibiwa na kitu ambacho sote tunakitafuta na kukithamini.

Kitu hicho ni rutuba. Ikiwa shambani ni baraka, na mkulima huililia. Ikitoka shambani, zizini au chooni na kuingia kisimani na ziwani, hugeuka kuwa uchafu, na uchafu huo ni wa hila kwa sababu mara nyingi hauonekani wala haunuki.

Hatuna budi kueleza kidogo jinsi jambo hili linavyotendeka, maana kamati ya Haki na Amani isiyojua jambo lenyewe hubaki kulalamika tu. Mimea huhitaji vyakula vingi, lakini katika habari yetu viwili ndivyo vikubwa: nitrojeni na fosforasi. Vyote viwili vimo katika samadi, katika kinyesi cha binadamu na katika mbolea ya chumvichumvi inayouzwa kwa mifuko. Lakini havisafiri kwa njia moja. Nitrojeni hugeuka udongoni kuwa nitrati, nayo nitrati huyeyuka katika maji kama chumvi ya mezani, ikashuka pamoja nayo chini hadi kwenye maji ya visima. Fosforasi kwa kawaida hung'ang'ania chembe za udongo, na kwa hiyo husafiri pale udongo wenyewe unaposafiri, yaani wakati wa mmomonyoko. Ndiyo kusema kwamba shamba la mteremko lisilo na makinga maji hupeleka fosforasi mtoni hata kama mwenye shamba hajapata kununua mfuko mmoja wa mbolea maishani mwake.

Vyakula hivi vikifika katika maji yaliyotuama, bwawani, lamboni au ziwani, hulisha ukoga na mwani kama vile vinavyolisha mahindi. Mwani huongezeka hata maji yakawa ya kijani kibichi. Kisha hufa na kuoza, na katika kuoza huko oksijeni iliyomo majini humalizika, samaki wakakosa pumzi. Aidha zipo jamii za mwani zinazotoa sumu.

Sasa tutazame nchi yetu ilivyoumbwa. Ukiacha upande wa kusini wa Manyoni, ambako Mto Kizigo hupeleka maji yake Ruaha Mkuu na hatimaye Rufiji, sehemu kubwa ya Mkoa wa Singida imo katika lile liitwalo Bonde la Kati, na maji ya Bonde la Kati hayaendi baharini. Wembere hukusanya maji ya Manonga na ya miteremko ya Iramba na kuyamimina katika Ziwa Kitangiri; kutoka Kitangiri hutoka kwa Mto Sibiti hadi Ziwa Eyasi; na Eyasi ndio mwisho wa safari. Hapo maji hupaa kwa jua, na kila yalichokibeba hubaki. Kadhalika Singidani na Kindai hupokea yanayoteremka kutoka vilima na mitaa ya mji, wala hayana mahali pa kuyapeleka. Wale mliosoma jiografia ya Nchi Takatifu mnakumbuka jinsi Yordani unavyoingia katika Bahari ya Chumvi na usitoke tena. Sisi tuko hivyo. Mtu wa Rufiji au wa Pangani anaweza kujidanganya kwamba bahari itamsafishia uchafu wake. Mtu wa Singida hana hata uongo huo wa kujifariji.

Wengine watauliza kama hatari hii ni ya kweli au ni maneno ya wataalamu. Tazameni jirani zetu. Gugu maji lilipoingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, lilikuta meza imekwisha andaliwa: maji taka ya miji, samadi na udongo wa mashamba uliochukuliwa na mito. Likastawi hata mitumbwi ikashindwa kutoka ghuba kadhaa, na mwezi Agosti 1994 serikali za Tanzania, Kenya na Uganda zikatia sahihi mapatano ya mradi wa pamoja wa kulihifadhi ziwa hilo. Jambo moja waliloligundua wachunguzi wa ziwa lile latuhusu sisi tunaochoma mbuga kila kiangazi: sehemu kubwa ya rutuba inayolichafua haipiti mitoni kabisa, bali hushuka kutoka angani pamoja na mvua na vumbi, baada ya kupandishwa na upepo na moshi.

Karibu nasi zaidi, mwaka 2004 maelfu ya ndege aina ya heroe walikufa katika Ziwa Manyara na katika ziwa moja la Momela, na waliochunguza maziwa hayo wakashuku mwani wenye sumu. Hatusemi kwamba ni binadamu aliyewaua. Maziwa ya magadi yana rutuba nyingi kwa asili. Lakini ni ndege wa jamii ile ile mnaowaona wamesimama Singidani, na ziwa lililo karibu na mpaka wa hatari kwa asili yake si la kuongezewa mzigo na mitaro ya mji. Na wasiseme watu kwamba ni balaa la maskini peke yao. Mwezi Agosti 2014 huko Toledo, mji wa Marekani ulio kando ya Ziwa Erie, watu zaidi ya 400,000 waliambiwa wasinywe maji ya bomba kwa siku kama tatu, kwa sababu mwani uliolishwa na mbolea za mashamba ulikuwa umetia sumu katika maji hayo. Tena waliambiwa wasiyachemshe. Tafadhali lishikeni neno hilo la kuchemsha, tutalirudia sasa hivi, maana limetugusa sisi wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tunahudumu katika parokia moja ya vijijini ambayo hatutaitaja. Tulianzisha mradi wa nguruwe ili parokia ijitegemee, kama tunavyohimizwa. Banda tulilijenga kwenye mteremko nyuma ya nyumba ya mapadre, mahali penye kivuli, na samadi ikarundikwa nje ya ukuta. Chini ya mteremko ule, hatua kama arobaini hivi, kulikuwa na kisima kifupi ambacho akina mama wa jumuiya mbili walikuwa wakichota. Sisi tulikuwa na tangi la maji ya mvua. Baada ya masika mawili kuta za kisima zikaota ukoga, na maji yakawa na ladha. Akina mama walilalamika wao kwa wao, wakamwambia na katekista. Hakuna aliyetuambia sisi. Nani angemwendea Padre na kumwambia kwamba nguruwe wake wanachafua maji ya watoto? Katekista alitujia na maneno ya kuzungukazunguka, akasema tu kwamba matumbo yanasumbua kijijini. Basi Dominika iliyofuata tukapanda mimbari, tukawahimiza watu wachemshe maji ya kunywa. Tulihimiza kwa Dominika tatu mfululizo, na wanawake, ambao kuni walizifuata mbali, wakatii.

Baadaye alifika mtaalamu wa maji aliyekuwa akipima visima vya kata. Akakuta vijidudu vya kinyesi, na akakuta nitrati imepita kiwango cha miligramu 50 kwa lita kinachotajwa na Shirika la Afya Duniani. Akatuuliza kwa upole kama watu wanachemsha. Tukajibu kwa fahari kwamba ndiyo, tumewafundisha. Ndipo akatueleza kwamba kuchemsha kunaua vijidudu, na hilo ni jema, lakini nitrati haifi kwa kuwa haina uhai. Mvuke unaondoka, nitrati inabaki sufuriani, na kadiri maji yanavyochemka kwa muda mrefu ndivyo inavyozidi kuwa kali katika yale yanayobaki.

Katika jumuiya mojawapo alikuwapo bibi aliyemlea mjukuu aliyefiwa na mama. Alimnywesha maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji ya kisima kile, yaliyochemshwa vema kama Padre alivyofundisha. Ni vizuri mjue kwamba mtoto mchanga, hasa chini ya miezi sita, ndiye anayedhuriwa zaidi: nitrati hugeuka mwilini na kuizuia damu kubeba oksijeni, hata midomo na kucha zikawa za rangi ya bluu. Daktari Hunter Comly aliueleza ugonjwa huo mwaka 1945 huko Iowa, Marekani, kwa watoto walionyweshwa maziwa ya kukorogwa kwa maji ya visima vya mashambani. Mtoto anyonyaye kwa mama yake ana kinga kubwa, lakini yatima hana. Mtoto wetu yule alitafutiwa maji ya bomba kutoka kijiji cha jirani, akapona, na sasa yuko shuleni. Tunalisimulia hili kwa sababu tulikuwa tukija kwenye semina kama hizi kusema juu ya wachafuzi, na mchafuzi alikuwa amesimama mbele akisema.

Neno la Mungu limekwisha kutusoma. Nabii Ezekieli, sura ya 34, anawasema kondoo wanene ambao wakisha kunywa maji safi huyavuruga yaliyobaki kwa miguu yao, na kundi lililobaki nyuma halina lingine ila kunywa yale yaliyokanyagwa. Angalieni kwamba kondoo hao hawalaumiwi kwa kunywa. Kiu si dhambi. Wanalaumiwa kwa kutowafikiria waliosimama nyuma yao. Nayo Torati, Kumbukumbu la Torati sura ya 23, haikuona aibu kuwaagiza askari wa Israeli watoke nje ya kambi wakiwa na chombo cha kuchimbia, wafukie kinyesi chao. Kama Maandiko Matakatifu hayaoni haya kusema juu ya choo, sisi pia tusione haya.

Ugumu wa dhuluma hii ni kwamba haina mwizi wa kumkamata. Mwenye ng'ombe arobaini anawanywesha lamboni kama baba yake alivyofanya. Mwenye bustani ya vitunguu kando ya korongo anatia mbolea ili apate karo ya shule. Mwenye nyumba ya kupanga mjini amechimba choo pale kiwanja kilipomruhusu. Kila mmoja ametia kidogo, wala hakuna aliyekusudia ubaya. Na mtu wa chini ya bonde anakunywa jumla ya vidogo hivyo vyote. Papa Yohane Paulo wa Pili alitufundisha katika barua yake ya mwaka 1987 juu ya shughuli za jamii kwamba ipo miundo ya dhambi, ambayo huota katika makosa ya mtu mmoja mmoja na kisha kuwafunga wote. Papa Fransisko naye, katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, namba 30, ameiweka haki ya kupata maji safi miongoni mwa haki za msingi za kila binadamu, kwa kuwa bila hiyo hata haki ya kuishi haina maana. Kwa hiyo mama anayedai kisima safi haombi msaada, anadai kilicho chake.

Lakini hapa hatuna budi kuwa waangalifu, maana tumesikia baadhi ya wahubiri wakiilaani mbolea kana kwamba ni kazi ya Shetani. Hilo si kweli, wala si haki. Wakuu wa nchi za Afrika walipokutana Abuja mwaka 2006 walikiri kwamba bara letu linatumia wastani wa kilo 8 tu za virutubisho kwa hekta, wakaazimia kufikia kilo 50 ifikapo mwaka 2015, na nchi nyingi hazikufika. Udongo wa mkulima wetu una njaa. Mbolea ya ruzuku iliyoanza kutolewa tena nchini mwaka 2022 imewafaa wengi, nasi tunaomba iendelee. Taabu yetu ni kwamba rutuba imekosa mahali pake: shamba la mtama lina njaa, na kisima kilicho hatua mia moja kutoka shamba hilo kimeshiba hadi kuugua. Kuiondoa kisimani na kuirudisha shambani ni kazi moja, si mbili.

Na wazee wetu waliijua. Wanyaturu tangu zamani walipima mali ya mtu si kwa nyama ya ng'ombe wake tu bali kwa samadi yao, kwa sababu katika udongo huu wa kichanga shamba lisilotiwa samadi halikuleta uwele wala mtama wa kushibisha. Samadi ilibebwa, ikatandazwa, ikaingia udongoni. Leo tunapita vijijini tunaona samadi ya miaka kumi imerundikana zizini, mvua ya kwanza ya Desemba inaiosha yote hadi korongoni, na mwenye zizi anapanga foleni ya mbolea ya dukani. Mvua hiyo ya kwanza ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa hubeba uchafu wa miezi saba ya kiangazi kwa mkupuo mmoja. Ukihamisha samadi mwezi Oktoba umefanya kazi kubwa kuliko semina hii.

Kuhusu udongo wenyewe, mifano haiko mbali. Huko Kondoa mradi wa HADO ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililomomonyoka. Nchi iliota tena, ingawa kwa gharama kubwa kwa wafugaji ambao hawakuulizwa sana. Shinyanga, tangu mwaka 1986, mradi wa HASHI ulichukua njia nyingine, ukafufua ngitili, yaani malisho ya akiba ambayo Wasukuma walikuwa nayo tangu mababu. Sisi twaipenda hii ya pili zaidi, kwa sababu watu waliilinda kwa kuwa ni yao.

Sheria nazo zipo, na mjumbe wa Haki na Amani asizijue ni kama mkulima asiye na jembe. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeweka bodi za mabonde, na bodi ya Bonde la Kati makao yake yapo hapa hapa Singida mjini. Haihitaji nauli ya Dar es Salaam. Sheria hiyo inataka kibali cha kutumia maji na kibali cha kutiririsha maji taka, na inawaruhusu watu wa bonde moja kuunda Jumuiya ya Watumia Maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Mita hizo 60 zikiachwa na majani na miti huchuja udongo kabla haujafika majini. Walakini tumeona mara nyingine sheria hii ikimshukia mjane mwenye matuta mawili ya mchicha, huku mwenye pampu na ekari nne za vitunguu akipita. Pale penye upendeleo wa namna hiyo kamati isinyamaze, wala isimtetee mjane kwa kusema kwamba mchicha wake hauchafui. Imtafutie mahali pengine pa kulima.

Tunawaomba basi mkirudi nyumbani msianze na maandamano wala na barua kwa Mkuu wa Wilaya. Anzeni na karatasi. Kila jumuiya ndogo ndogo ichore kisima chake, mteremko wake, na kila zizi, choo, bustani na dampo lililo juu ya kisima hicho. Choo kisiwe karibu ya mita 30, tena kiwe upande wa chini. Na katika nchi yetu ya mawe yenye nyufa, ambako maji hupita upesi, hata mita 30 ni chache. Wakiwa wafugaji na wakulima wote wamekaa kuizunguka karatasi moja, hawatupiani lawama upesi, kwa kuwa kila mmoja ataliona zizi lake. Kisha ombeni kisima kipimwe, matokeo yasomwe mbele ya watu, na mama mmoja walau akae katika meza ya kuamua, maana ndiye anayeonja maji kabla ya sisi wote. Na karatasi ya kwanza iwe ya makao ya parokia, shule na zahanati zetu. Mkimwogopa Padre, mkumbukeni katekista wetu na maneno yake ya kuzungukazunguka.

Mtauliza habari za kisima kile. Banda tulilihamisha upande wa pili wa kilima, na samadi sasa huenda shambani kila Oktoba, nusu yake kwa mashamba ya jumuiya zile mbili. Lakini nitrati ikisha kuingia ardhini hutoka kwa taratibu mno. Kisima kilipimwa tena mwaka jana: imepungua, ila bado imezidi 50. Akina mama wamekifunga kwa maji ya kunywa, wanakitumia kufulia na kumwagilia mchicha, na wanatuambia kwamba hawajapata kuona mchicha unaostawi namna ile.